Mizinga Mia ya Kigango cha Mninga

Kitongoji cha Mninga, Ipole
9 Juni 2024

Kwako Kaka Frateri Justus,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo juu yake.

Kabla sijakuuliza hali, pokea habari: kuanzia Sikonge hadi Tabora mjini hakuna mwanamume kama mdogo wako. Hata wale mababu waliopita njia hii na meno ya tembo mabegani, miezi mitatu kwa miguu hadi pwani, wangeniona mimi wangetua mizigo wakaniamkia. Jana nimepanda miyombo kumi na mmoja, kila mmoja nimeutundikia mzinga, bila shati. Nyuki walikuja, wakaninusa, wakaenda zao. Nadhani waliambiana, huyu ni mdogo wa Frateri, tumwache.

Sisi hatujambo. Mama mguu unamsumbua asubuhi, jua likipanda anausahau. Wewe je? Bado mnakula yale maharage yenye mawe, au mmeshakuwa nusu mapadre mnakula kuku?

Sasa ya maana. Kigango kimekaa kikao siku mbili. Mzee Nikolaus katekista alisema wajumbe wa jimbo watakuja mwisho wa Oktoba kuangalia kama tunafaa kuwa parokia, tupate padre wa kulala hapa hapa. Ila padre hali upepo, lazima waone tutamtunza kwa nini. Wengine wakasema tumbaku. Akina mama wakapiga kelele: kuni za kukaushia mtazitoa wapi, mtachoma viti vya kanisa? Mwisho ikapita mizinga mia moja ya nyuki, mali ya kigango, kila jumuiya ichonge yake. Na hakuna kurina hata sega moja mpaka ipite sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Tutaingia msituni wote kwa pamoja, Mzee Nikolaus akiisha kubariki. Msimamizi wa kutundika ni mimi. Sikuomba, walinipigia makofi.

Hata yule Msukuma mwenye ng'ombe, Lugembe, aliyehamia mwaka juzi kutoka Lusu, kaleta mizinga minne. Yeye na nyumba yake wanasoma ukatekumeni. Mama yake, Bibi Minza, kila akiniona njiani ananiamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mume wangu!" Hana jino hata moja, Kaka, na ananitaka. Nikamwambia asubiri nitafute mahari. Akasema anachosubiri yeye ni padre wa kumbatiza, mume atafuata.

Mdogo wako asiyeogopa mdudu,
Adriano


Kipalapala
23 Juni 2024

Mdogo wangu Adriano,

Milele na milele, amina. Marahaba. Mimi mzima. Maharage ni yale yale, mawe yameongezeka. Simu zetu zinakaa kwa mlezi hadi likizo, kwa hiyo usichoke kuandika. Wenzangu wawili huja kunisikiliza nikisoma barua zako, wanakuita Askofu wa Nyuki.

Habari ya mizinga imenifurahisha kuliko unavyodhani. Unamkumbuka Baba. Aliomba padre siku tatu. Padre alifika siku ya nne, Baba yuko chini ya udongo, na Mama akamwonyesha tu mahali. Yule padre alikaa juu ya pikipiki yake akalia. Ana vigango kumi na tisa. Mtu akiniuliza Mninga wanataka parokia ya nini, jibu langu ni hilo.

Basi itunzeni hiyo mizinga. Na msalimie mkeo Bibi Minza. Utani wake upokee vizuri. Wale ni wageni, na mgeni hucheka hata panapomuuma.

Mwambie Mama aukande mguu kwa maji ya moto.

Kaka yako,
Justus


Mninga
18 Agosti 2024

Kaka Frateri,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Sisi wazima wa mwili, ila macho yangu mekundu kama ya mlevi.

Kaka, mdogo wako ni shujaa, lakini safari hii ushujaa hauna utamu. Jumanne, siku mbili kabla ya Kupalizwa, msitu wetu umeungua. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mimi ndiye niliyeupiga moto ule wa kwanza. Ulikuwa mdogo tu, wa kutosha mafiga matatu, nikavua shati nikaupiga, nikaukanyaga. Upepo ukageuka. Kaka, nyasi za Agosti unazijua. Uliniruka ukaenda kwenye miyombo kama ulioitwa. Mizinga ilianza kutoa sauti ya mafuta kikaangoni, asali na nta vikimwagika, na nyuki wakawa wanatoka wakiwaka, wanaanguka kama cheche. Watu walipofika na matawi ilikuwa imebaki kulia.

Mizinga sitini na miwili imekwisha. Sitini na miwili! Mzee Nikolaus alikaa chini penye majivu na kanzu yake ya ibada, akawa anaokota vipande vya magome anavipanga.

Sasa kila mtu anauliza ni nani. Na mimi niliulizwa niliona nini, nikasema nilichokiona: ng'ombe wa Lugembe walikuwa upande ule, na mwenyewe yuko nyuma yao. Si uongo. Wachungaji huchoma nyasi kavu ili zichipue nyingine, hilo hata mtoto analijua. Sikusema ndiye. Nilisema nimemwona.

Mama amelifua shati langu mara tatu na harufu haitoki. Nimemwambia alitupe. Anafua tena.

Mdogo wako,
Adriano


Kipalapala
1 Septemba 2024

Adriano mdogo wangu,

Milele na milele, amina. Marahaba. Poleni sana, wote. Nimeomba mkumbukwe kwenye misa ya asubuhi.

Barua yako nimeisoma peke yangu. Nimeisoma tena na tena, na kuna mahali nakwama. Unasema ulipouona moto ulikuwa wa kutosha mafiga matatu. Msitu ule ni mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani. Mtu wa mbali huona moshi, akikimbia hukuta moto umeshakuwa mkubwa. Ni nani huuona moto wa msituni ukiwa mdogo vile?

Na huko ulifuata nini, Jumanne, siku mbili kabla ya siku mliyokubaliana?

Sikushtaki. Mimi ndiye niliyekufundisha kupanda miti, nakujua. Nijibu mimi kabla hujamjibu mtu mwingine.

Kaka yako,
Justus


Mninga
15 Septemba 2024

Kaka,

Tumsifu. Shikamoo. Sisi hatujambo.

Barua yako nilipoifungua nilidhani nimeandikiwa na mkuu wa kituo cha polisi. Seminari siku hizi wanafundisha upelelezi? Mimi darasa langu liliishia kidato cha pili, maswali magumu hivyo siyawezi. Wacha nikupe habari.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kigango kilikaa. Ajenda ilikuwa moja: tunajengaje parokia huku tunaye mtu anayeunguza? Mzee Nikolaus akamwambia Lugembe asimame.

"Sema neno, Lugembe."

"Sikuwasha, Mzee. Aliyewasha anajijua, na mimi namjua."

"Mtaje!" watu wakapiga kelele.

"Nikimtaja mtasema mgeni anamsingizia mwenyeji." Akatazama upande niliokaa, halafu akaitazama kofia yake mkononi.

Kamanda wa sungusungu ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, unamjua. Akasema kwa mila, mtu wa namna hii anatengwa, yeye na nyumba yake. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto wala maji, akiugua asiendewe, akifiwa asizikiwe. Mpaka alipe mizinga yote au ahame. Nilidhani Mzee Nikolaus atakataa, maana ni mambo ya sungusungu, si ya kanisa. Aliangalia altare. Akasema, "Anayekubali anyooshe mkono."

Kaka, ilikuwa kama shamba la mahindi. Wangu ulikwenda juu wenyewe. Wa Mama ulibaki kwenye goti.

Basi ndiyo hivyo. Tumeshachonga mizinga mipya kadhaa, wajumbe wakija watakuta mambo safi. Jana nilikutana na Bibi Minza kisimani. "Mwangaluka, mume wangu!" Nikatazama juu kwenye mti kama ninatafuta ndege. Akacheka na yale mafizi yake. "Haya, mume wangu kawa bubu kabla ya harusi." Akajitwika ndoo yake tupu akaondoka. Hawakumruhusu kuchota.

Mama ananipa chakula lakini hali na mimi.

Adriano


Kipalapala
22 Septemba 2024

Adriano,

Hukunijibu, kwa hiyo umenijibu.

Mdogo wangu, sikiliza. Ningeweza kumwandikia Mzee Nikolaus leo. Karatasi iko mbele yangu. Lakini likitoka kwangu ni umbeya wa kaka, na wewe utabaki na jiwe lako tumboni maisha yote. Likitoka kwako, Lugembe atarudishiwa jina lake na mtu yule yule aliyemnyang'anya.

Nenda, hata kama watakutenga wewe. Nitaomba ruhusa nije nikae na wewe kwenye huko kutengwa, tule wote maharage ya mawe. Ila usingoje. Watu waliozuiwa maji hawana muda wa kutungoja sisi tupate ujasiri.

Nakupa hadi mwisho wa Oktoba. Hapo nitaandika mimi.

Kaka yako anayekupenda,
Justus


Kipalapala
13 Oktoba 2024

Adriano,

Wiki tatu sasa. Hata Mama hajatuma salamu kwa watu wanaokuja mjini kuuza asali. Jana nilimwona mmoja sokoni nikamuuliza Mninga hawajambo, akasema hawajambo, akafunga mzigo wake haraka akaondoka.

Kumetokea nini?

Justus


Mninga
27 Oktoba 2024

Kaka Justus,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Mama ni mzima, mguu umevimba kidogo.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikitafuta majigambo ya kuanzia. Hayakuja.

Wajumbe walifika juzi Ijumaa, mapadre wawili na mama mmoja wa halmashauri. Niliwatembeza mimi. Waliipenda mizinga, wakalipenda eneo la nyumba ya padre. Halafu yule padre mzee akaonyesha kwa kidole nyumba ya Lugembe, akauliza mbona wale hawakuja. Mzee Nikolaus akasema, "Wana msiba." Padre akauliza, "Mlizika lini?" Kaka, watu zaidi ya mia, na hakuna aliyejua lini. Padre akasubiri. Kisha akafunga daftari lake. Akina mama walikuwa wamechinja mbuzi, na wageni wakaondoka bila kunawa mikono.

Leo baada ya ibada nimesimama nikasema. Nimesema moto ni wangu. Nilitaka siku ya Kupalizwa, kabla hamjaingia msituni, mnione natokea na beseni la asali ya kwanza, mseme, "Aa, Adriano!" Nikapanda na kienge changu cha nyasi kinachofuka moshi. Nyuki hawakuninusa wakaenda zao, walinishona uso mzima, nikakitupa kienge nikashuka nikijipiga makofi. Lugembe akapita na ng'ombe wake, akaniambia, "Kijana, zima hicho vizuri." Nikamwambia, "Nimezima, mzee." Sikuwa nimezima. Yote hayo nimeyasema mbele ya kigango kizima. Hakuna aliyenipiga.  Mzee Nikolaus alikaa kwenye benchi la watoto. Mama alitoka kwanza, wengine wakamfuata mmoja mmoja, na mimi nikabaki nimesimama. Lugembe hakuwepo kusikia. Amehama tangu jana na ng'ombe wake wote, na hajulikani kaelekea wapi.

Kwa hiyo usimwandikie Mzee Nikolaus. Hilo limekwisha. Kuna jingine ambalo sikulisema kanisani, na sijui nitalisema kwa nani kama si wewe.

Jumanne ya tarehe nane, saa saba mchana, Mama alikuwa shambani. Mimi nimelala. Nikasikia, "Hodi." Nikaijua sauti, ya Lugembe. Nikanyamaza, maana ametengwa, na mimi zaidi ya wote sikuwa na jicho la kumtazama.

"Hodi, Adriano. Najua umo, viatu vyako viko hapa."

Nikanyamaza.

"Mama anakata roho. Anataka maji ya Mungu kabla hajaenda. Katekista nimemwendea kanigeuzia mgongo. Wewe ndugu yako ni frateri, na wewe mwenyewe una kipaimara, najua mnafundishwa. Nasikia mtu yeyote anaweza kama hakuna padre. Lile la msituni silitaji, kijana. Sikulitaja na sitalitaja. Njoo na maji tu."

Alingoja. Nilikuwa nasikia anavyohema. Akapiga hodi ya tatu, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Halafu nikasikia hatua zake, kwanza za kutembea, baadaye za kukimbia.

Jioni, upande wa kwao, kulikuwa na sauti ya jembe, jembe moja.

Maneno ninayajua, Kaka. Nilikuwa nayo mdomoni yote, Jina la Baba na la Mwana. Kikombe cha maji kilikuwa kwenye kigoda karibu na kichwa changu. Nilikuwa macho. Nilimsikia vizuri, na sikuitika.

Mdogo wako,
Adriano