Siku ya Kumi na Moja, Tunangoja Bahari Itulie

Alhamisi. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, haikukatika mpaka saa tisa. Moyo wangu ni mzito kama godoro lililolowa.

Asubuhi nilikwenda tena Feri kwa miguu. Nilijitanda kanga mbili, nikapita Mnazi Mmoja maji yakinifika vifundoni. Nahodha Bakari nilimkuta amejibanza chini ya turubai na mabaharia wake wawili. Hakungoja nimwulize.

"Kusi imekaza, mwalimu. Nikitoka leo nitatuua wote."

"Na kesho?"

"Kesho tutaiona kesho."

Siku kumi na moja sasa. Mashua yake ndiyo iliyotuleta kutoka Chole, kisiwani kwetu karibu na Mafia. Tulilala Koma, tukalala Kwale, visiwa vya njiani, kila mahali tukingoja upepo upungue. Sasa imefungwa pale, nazi zilishashushwa zamani. Meli haina mafuta. Ndege ndogo ya Mafia haichukui mgonjwa wa kulala. Hatuna njia nyingine.

Mgonjwa ni mama.

Mimi ndiye niliyemtoa kwetu. Yeye hakutaka. Alisema tumbo linamuuma kwa sababu ya uzee tu, litapoa. Nikamlazimisha, kwa kiburi cha mtu aliyesoma, nikamwambia Dar kuna madaktari. Wakamlaza wiki mbili, kisha daktari mmoja kijana akaniita dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Mpelekeni nyumbani, akawe na watu wake." Nilielewa. Mama naye alielewa bila kuambiwa. Tangu siku hiyo anaomba jambo moja: afie Chole, azikwe karibu na baba.

Jambo moja tu, na mimi siliwezi.

Tumefikia kwa mama mdogo, ambaye ameolewa hapa Kariakoo. Ametuachia chumba chake, yeye na mumewe wanalala ukumbini kwenye mkeka. Alfajiri anapanga foleni ya unga, akirudi anampikia dada yake uji, na mama anakunywa vijiko viwili. Jana mjumbe wa nyumba kumi alikuja na daftari lake.

"Ndugu, wageni wako uliwaandikisha wiki moja. Wanaondoka lini?"

"Muulize anayeleta mvua," mama mdogo alimjibu.

Mjumbe akachungulia chumbani, akamwona mama kitandani. Akavua kofia. Akaondoka bila kuandika kitu.

Sasa niandike lile linalonichoma.

Siku ya nane mama alianza kuchanganyikiwa. Mvua ilikuwa inapiga bati, maji yanapita uani kwa kishindo, akafumbua macho akauliza, "Tumefika wapi?" Sijui nilipata wapi jibu. Nikamwambia, "Tuko Kwale, mama. Tunangoja bahari itulie." Akatabasamu. Hakuwa ametabasamu tangu hospitali. Siku iliyofuata akauliza tena, nikamwambia tuko Koma. Akamaliza bakuli zima la uji. Jana nikamwambia Koma tumeiacha nyuma, Mafia inaonekana kwa mbali. Nikamtajia hata rangi ya maji.

Nilikuwa namsafirisha kwa mdomo.

Leo nimerudi kutoka Feri nimelowa chapachapa, nikamkuta yuko macho, akili zake zote zimemrudia. Barabarani muuza mkaa alikuwa anapita akinadi. Mama akamsikiliza mpaka sauti ikaishia.

"Zuhura, hapa si baharini. Hapa ni Kariakoo."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Umenidanganya siku ngapi?"

"Tatu, mama."

Nilidhani atanigombeza. Akanishika mkono, vidole vyake vya baridi. "Usiniambie tumefika kabla hatujafika," akasema. "Hilo tu, mwanangu. Sitaki kufa nikiwa mjinga."

Nikatoka nikalilia jikoni. Na kuna lingine ambalo sijamwambia mtu. Siku ya tano, nikirudi kutoka Feri, niliomba afe upesi ili nisiende tena kule asubuhi. Niliomba kwa maneno kamili, nikiwa nimesimama barabarani. Kisha nikanunua machungwa, nikarudi, nikamlisha.

Saa tisa mvua ikakatika ghafla. Jua likatoka, mtaa mzima ukaanika nguo. Saa kumi na moja nahodha akaja mwenyewe, amevishika viatu mkononi. Kusi imelegea, anatweka tanga kesho alfajiri. Nilitamani kuibusu mikono yake. Akaomba kumwona abiria wake.

"Shikamoo, mama," alisema mlangoni.

Mama hakuitika. Alikuwa amezama usingizini, pumzi zinakuja, zinapotea, zinakuja tena. Nahodha alisimama pale akizihesabu. Alipotoka hakunitazama usoni.

"Mwalimu, simchukui."

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Upepo ukiwa mzuri ni siku mbili. Ukigeuka tutakwama kisiwani siku nne. Bibi hatafika hata Kwale. Akikata roho kule nje, juani, maji ya kumwosha sina. Nitawaambia nini watu wa Chole?"

Nilimpigia magoti pale ukumbini, mbele ya wapangaji. Nikamwambia hata akifia njiani, atakuwa anaelekea kwao. Akaniinua kwa mikono miwili. Naye macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Nisamehe, mwalimu. Siwezi."

Siku kumi na moja tumeomba bahari itulie. Imetulia, na sisi hatuendi.

Mama mdogo ameniambia kwa upole niwaandikie jamaa barua, nahodha awapelekee, wajue hali ilivyo. Nimeandika ukurasa mmoja. Sikuweza zaidi. Mumewe amevaa kofia ametoka. Hakuna aliyesema anakwenda wapi, lakini nilimsikia akimnong'oneza mkewe neno makaburi. Na mama bado anapumua, hapa, hatua mbili kutoka ninapoandika.

Sina hasira na nahodha. Ningekuwa yeye labda ningesema vile vile. Hasira niliyo nayo ni kwa yule mwalimu aliyemtoa mama yake nyumbani akimwambia tutarudi baada ya wiki tatu.

Asubuhi huwa anazinduka. Ataona jua dirishani na ataniuliza kama bahari imetulia. Uongo ameshaukataa. Ukweli je, nitaupata wapi mdomo wa kuusema?