Dada Editha, Nimekubali Ganzi

Dada Editha,

Shikamoo. Nimejifungua mtoto wa kike, kwa operesheni kama wewe. Ungekuwepo ungenitania, maana unajua mimi nalia hata nikichomwa na mwiba shambani.

Kabla ya kupasuliwa, daktari alinieleza kwamba wakati wa kushona ataniwekea dawa ya ganzi kwenye kidonda, ili ganzi ya mgongoni, ya wakati wa kupasuliwa, ikiisha nguvu nisiumie sana. Wengine huchomwa ubavuni, lakini yeye angeiweka pale pale. Mama akaninong'oneza nisikubali, maumivu ndiyo yatakayotuambia kama kuna kilichoharibika. Dada, niliogopa. Nilikuona ulivyolala chali umeuma meno, na sisi wote tuliotoka kijijini Matiri kuja kukuona tukikusifu kwa kuvumilia. Ulipoinuka hatimaye kwenda msalani, ukaanguka, na hukuamka tena. Walituambia damu iliganda mguuni ikapanda kifuani.

Nikamsimulia daktari habari zako, nikamuuliza, nikiwa na ganzi nitajuaje kama nakufa? Hakucheka. Akasema, "Damu na homa tutaviangalia sisi. Ganzi ni ya kukusaidia uinuke mapema utembee, damu isigande. Dada yako huenda maumivu ndiyo yaliyomlaza." Nikakubali.

Baadaye nesi akaja kunishusha kitandani. Kidonda kilivuta, lakini kilivumilika. Mama akaing'ang'ania khanga yangu kwa mikono miwili. "Lala, mwanangu. Nitazika wangapi?"

Nikashuka hivyo hivyo. Hakuniachia, basi tukatembea wote, yeye akivuta nyuma kama mbuzi anayepelekwa mnadani, mpaka dirishani. Hapo ndipo aliposema, taratibu, kwa Kimatengo chetu: "Mimi ndiye niliyemkataza Editha kuinuka kitandani."

Sikujua, dada. Nilidhani ni maumivu tu. Kumbe mama amelibeba hilo miaka yote, analima nalo, anakwenda nalo kanisani, na sisi tunamwona mkali tu. Hilo liliniuma kuliko kidonda.

Pumzika, dada yangu. Nimemwambia mama kwamba hakujua, na hakuna aliyejua kati yetu. Hajaniamini. Nitamwambia tena kesho, na keshokutwa, mpaka siku atakapolitaja jina lako bila kukuomba msamaha.

Mdogo wako,
Kolumba