Dada Yangu Haamini Nati Inaweza Kuwa na Kifunguo

Jumanne, Oktoba. Migwani. Jua tangu asubuhi. Mnamo saa sita wingu moja lilipita juu ya soko, kila mtu akainua kichwa kuliangalia, likaenda zake.

Nimekasirika siku ya tano sasa. Naandika kwa sababu wateja wameanza kuniuliza kama niko sawa.

Kwa asiyejua nitaeleza. Gari yangu ina magurudumu manne, kila gurudumu nati tano, jumla ishirini. Kumi na sita ni za kawaida. Nne, moja kila gurudumu, ni za kuzuia wezi. Kichwa chake kimechongwa kama ua, na spana haishiki mpaka kwanza uvishe kifunguo chake, kachuma kadogo kanakoingia kwenye lile ua. Gari ilikuja nazo kutoka Japani. Nilipoinunua, kifunguo kilikuwa kwenye kamfuko ka jeki. Nilikiona kwa macho yangu.

Ijumaa jioni hakikuwepo.

Nilikuwa narudisha gari nyuma ya duka nikakanyaga bati la zamani, tairi ikapasuka ubavuni. Ubavu hauzibwi. Musyoka, fundi wa matairi wa ng'ambo ya barabara, aliitazama mara moja akasema hiyo sasa ni ya kupanda maua. Sikuogopa. Spea iko, imejaa upepo. Akafungua nati nne, akafika ya tano, akanyoosha mkono bila hata kuniangalia.

"Mama Kyalo, leta kifunguo."

Nilitoa kila kitu kwenye ile gari. Nilitoa hata mazulia. Spea nzima imelala pale chini, nati moja imeikatalia.

Mahali niliponunua matairi mwezi wa nane, kule mjini Kitui, wanasema walikirudisha. Walikirudisha wapi, hawakumbuki. Nimewapigia mara sita. Mara ya sita kijana wao alianza kuniita "mum" kwa upole, nikajua hapo sina changu.

Ingekuwa ni gari peke yake, ningeiacha ikae juu ya mawe mpaka Krismasi. Lakini Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kwenda mji wa Wote kumchukua Mwaitu, mama yetu. Tangu afanyiwe operesheni ya nyonga mwezi wa tano amekuwa kwa dada yangu mkubwa, Nduku. Tulipatana Oktoba aje kwangu. Matatu hawezi kupanda na ile nyonga. Na mimi nauza mbegu na dawa za mifugo, na Oktoba ndio mwezi watu wa huku wananunua mbegu, maana mvua ya Novemba haimngoji mtu. Nduku anajua hivyo vizuri. Kwa hivyo nilipompigia Ijumaa kumwambia sitafika, alikuwa ameshaamua kabla sijamaliza.

"Nati gani tena, Mutheu?"

"Ya gurudumu. Kifunguo chake kimepotea."

"Nati ina kifunguo?"

"Iko nacho."

"Si useme tu una kazi dukani."

Nikampigia nati picha, nikamtumia. Akajibu: "Nimeona nati."

Akauliza kwa nini nisikodishe gari. Na mimi, badala ya kufunga mdomo, nikapiga hesabu kwa sauti. Kwenda Wote na kurudi, na dereva, na kumngojea Mwaitu ajitayarishe, ni bei ya tairi mbili mpya. Ndivyo nilivyosema. Ni hesabu sahihi, nimeirudia mara nyingi tangu siku hiyo na bado ni sahihi.

"Kwa hivyo Mwaitu hafikii bei ya tairi mbili," Nduku akasema, akakata simu.

Nimelala na hayo maneno usiku nne.

Hili nalo niliseme, kwa sababu hakuna mwingine wa kunisemea. Ijumaa ile ile Musyoka aliniambia dawa iko. Unachukua soketi kuukuu ya spana, ndogo kidogo kuliko nati, unaigonga kwa nyundo mpaka iume, halafu unazungusha. Dakika ishirini. Nikakataa. Rimu zangu ni za alumini, nilizilipia, sikutaka zigongwe nyundo na mtu anayenywa soda akigonga. Nikasema nitatafuta kifunguo cha haki. Ningekubali, Jumamosi saa tatu ningekuwa nimeshapita mji wa Kabati, njiani kwenda Wote, na hii shajara ingekuwa ya mambo mengine.

Nikampata muuza spea wa Nairobi. Akataka namba ya kifunguo. Namba imeandikwa wapi? Kwenye kifunguo. Nikamwambia ningekuwa nacho nisingekuwa naongea na yeye. Akacheka, akasema basi nimtumie alama. Nikakata kipande cha sabuni ya kufulia, nikakikandamiza kwenye nati kwa kidole gumba mpaka lile ua likatokea, nikapiga picha na rula kando yake. Akasema hicho anacho, ana uhakika. Nikatuma pesa kwa simu. Jumapili nikaenda kanisani kwa miguu, nikaulizwa na watu kumi na mmoja gari iko wapi.

Kifunguo kilifika jana na basi, kimefungwa kwa gazeti. Ua langu lina petali saba. Chake kina nane.

Nilikaa juu ya ile spea nikazihesabu tena, labda nimekosea. Nane.

Leo saa moja asubuhi nilivuka barabara nikamwambia Musyoka alete nyundo.

"Rimu je?" akaniuliza.

"Musyoka, gonga."

Akagonga. Nilisimama pale na kila pigo nilikuwa nalisikia kwenye meno. Pigo la tisa soketi ikauma. Akapanda juu ya spana na uzito wake wote, nati ikalia, ikatoka. Rimu ilibaki na mkwaruzo mmoja, urefu wa punje ya mchele. Usiku nne kwa sababu ya punje ya mchele. Saa mbili spea ilikuwa imeingia. Nikampigia Nduku nimwambie nakuja, simu imezimwa. Nikafunga duka na watu wakiwa kwenye foleni. Nikaingia ndani kubadilisha nguo.

Niliposikia gari nje nilidhani ni mteja. Ilikuwa ya kukodisha. Nduku mbele na dereva, Mwaitu nyuma na mito miwili chini ya nyonga.

Nduku alishuka. Kabla ya kunisalimia aliizunguka gari yangu yote. Iko juu ya magurudumu manne, imesimama vizuri kabisa.

"Si gari ndiyo hii hapa?"

Nikamwambia imefunguliwa sasa hivi. Nikamwonyesha soketi, na nati iliyokwaruzika imekwama ndani yake. Nikamwonyesha sabuni. Nikamwita Musyoka, naye akaja akifuta mikono akasema, "Ni kweli, mama, ilikuwa imekataa." Nduku alimwangalia jinsi unavyomwangalia shahidi aliyelipwa. Tukamshusha Mwaitu pamoja, mmoja kila upande. Chai alikataa. Alisema dereva anahesabu saa.

Nilimfuata mpaka mlangoni mwa gari nikitaka kumpa nusu ya pesa alizolipa. Hakushusha kioo.

Mwaitu ameshinda leo nyuma ya kaunta, kwenye kiti cha plastiki, akiuliza kila mteja ni wa ukoo gani. Ameuza pakiti tatu za mbegu za ndengu. Mchana, nikimkatia papai, nilianza kumweleza habari ya kifunguo tangu mwanzo. Akanikatiza.

"Nduku ameniambia njia nzima kwamba hunitaki."

Nikaacha kisu.

"Nikamwambia, Mutheu akikataa kitu, husema amekataa. Tangu mdogo. Hajawahi kutafuta nati." Akachukua papai lake. "Lakini ungekuja na hiyo ya kukodisha."

Nilimwambia ale.

Amelala sasa, mlango wake nimeuacha wazi. Kesho Musyoka anakuja kutoa zile nati tatu zilizobaki, aweke za kawaida, na anayetaka kuiba magurudumu aje na spana yake. Kisha nitampigia Nduku. Nitamuuliza kama alifika salama, nimwambie Mwaitu amekula vizuri, na nitaomba anisamehe ile hesabu. Akianza kuuliza habari ya gari, nitasema ni nzima, basi.