Mtoto Mwenye Jina Lako

Baba Zuhura, mume wangu,

Shikamoo sikupi, maana hukuitaka. Ulikuwa unasema mke na mume wakianza kuamkiana shikamoo basi wamekwisha kuwa ndugu. Nakuita hivi hivi tu, kwa jina la binti yetu, kama nilivyokuwa nikikuita kutoka jikoni nikiwa na shida. Na leo nina shida, Baba Zuhura. Naogopa, utanisamehe mwandiko.

Niko Ndanda, hospitali. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto, jua la asubuhi linanipiga usoni na sitaki kusogea, maana nikisogea sitaona mlango. Zuhura yuko ndani na mwanawe. Ndiyo, Zuhura amejifungua, mtoto wa kiume, na tumempa jina lako. Saidi. Hajatimiza hata arobaini yake, tayari amewekewa mpira puani wa kumpa hewa. Na ugonjwa wenyewe ni mafua. Mafua, jamani! Kitu ambacho mimi na wewe tulikuwa tunakicheka.

Unakumbuka Zuhura alivyokuwa mchanga, akabanwa na mafua mpaka akawa hawezi kunyonya? Akikamata ziwa tu anakosa pumzi, analiachia, analia. Mimi nikakaa pale kitandani nalia pamoja naye. Wewe ukaingia, ukamchukua, ukaweka mdomo wako kwenye pua yake, ukavuta yale makamasi yote, ukatoka nje ukatema. Ukarudia. Ukarudia tena. Nikakwambia, "Wee Baba Zuhura, huoni kinyaa?" Ukanijibu, "Kinyaa cha nini? Ni damu yangu hii." Mtoto akanyonya, akalala. Baada ya hapo ukaanza wewe kupiga chafya, nyumba nzima inatikisika, nami nikakucheka weee! Ukasema mafua hayana dawa, yana siku zake, niache kucheka nikuletee uji.

Nakumbuka pia msimu wa salfa. Unatoka alfajiri Chilangala kote kuna ukungu na baridi ya kukata masikio, mashine mgongoni, kwenda kupuliza mikorosho kabla upepo haujaamka. Unarudi umekuwa wa njano kwa unga wa ile dawa, kope za njano, masikio ya njano, unakohoa na kucheka kwa wakati mmoja. Nilikuwa nakwambia ujifunge kitambaa vizuri, unajifunga shingoni kama bwana harusi. Nami nakuwekea maji ya kuoga nusu ndoo, maji yenyewe ya kununua, nakwambia ukiyamaliza utakwenda kuoga Masasi.

Kule kwetu, Baba Zuhura, msimu ule kila mtu anakohoa. Ndiyo maana hakuna anayeuliza. Mtu akikohoa msikitini, salfa. Akikohoa dukani, salfa. Ulipoanza kukohoa mwaka ule wa ule ugonjwa mkubwa, wewe mwenyewe ulisema salfa, jirani wakasema salfa, mimi nikachemsha mchaichai na majani ya limau ukajifukiza. Ulipokuja kushindwa kumaliza sentensi bila kupumzika, ndipo tukatafuta gari. Hukuifikia hospitali. Sitaki kuyaandika hayo zaidi, unayajua, ulikuwepo.

Sasa sikiliza ya mjukuu wako.

Zuhura alikuja kujifungulia kwangu, kama ilivyo desturi yetu. Mtoto mzuri, kichwa chako, hata ule mkunjo wa kwenye paji la uso. Nikawa namtania, "Mume wangu umerudi mdogo hivi? Mimi nimeshazeeka, utanioa vipi?" Zuhura anacheka mpaka anashika tumbo. Mama yako, mama mkwe wangu, akawa anakuja kila siku kutoka kwake na mkongojo wake, anampakata mapajani, anamwita "mwanangu," si "mjukuu." Ilikuwa furaha, nakwambia kweli.

Halafu salfa ikaanza mashambani, na mtoto akaanza kupiga chafya. Mkwe wetu akasema, "Mama, ni salfa tu hiyo, upepo unaileta mpaka ndani." Lo! Nilimgeukia yule kijana kwa ukali ambao sikuujua kama ninao. Nikamwambia neno hilo lisitamkwe ndani ya nyumba yangu. Maskini, hana kosa.

Pua ikaziba. Nikafanya kama ulivyofanya wewe, nikaweka mdomo, nikavuta, nikatema. Akanyonya kidogo. Kesho yake ikaziba zaidi, kifua kikaanza kupiga mluzi, na mbavu zikawa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Pale chini ya mbavu panabonyea, panarudi, panabonyea. Nimeshawahi kuuona mwendo huo, Baba Zuhura. Niliuona kwako.

Mama yako akafika, akamtazama, akakaa chini. Akaniambia, "Mama Zuhura, lazima tumbadilishe jina huyu mtoto."

Nikaendelea kumpangusa mtoto pua.

"Mwenye jina anamwita," akasema. "Alikwenda akiwa hajashiba dunia. Sasa amesikia jina lake linaitwa kila siku humu ndani, amegeuka. Tumtoe jina, tumpe jingine, atamwacha."

Unazijua desturi zetu, sihitaji kukueleza. Mtoto mwenye jina la marehemu akiugua, cha kwanza wazee wanauliza jina. Wapo waliobadilishwa wakapona, tunawajua, wengine ni watu wazima, wameoa. Lakini huyu aliyekuwa anasema ni mama aliyekuzaa. Alikuwa anamshtaki mwanawe mwenyewe. Zuhura akaruka, "Bibi, baba hawezi kufanya hivyo!" Mimi nikanyamaza. Nitakueleza kwa nini nilinyamaza: kwa sababu niliamini. Nilisema moyoni, ni yeye. Upweke umemshinda, anamtaka mtu wa kukaa naye. Na nilianza kukuogopa, mume wangu, wewe ambaye hukuwahi kunitisha hata siku moja.

Nikasema jina litasubiri, gari kwanza. Mkwe akakimbia akapata Probox Newala, tukashuka na mlima, Zuhura kamshika mtoto, mama yako kakataa kubaki, na mimi njia nzima nazungumza na wewe kimyakimya. Muache. Nakuomba muache. Ukitaka mtu nichukue mimi, nimeshakula chumvi ya kutosha. Nilipoona tumepita Masasi na bado anapumua, nikaanza kukushukuru, halafu nikaogopa kwamba nimekushukuru mapema.

Hapa walimpokea vizuri. Wakampa hewa, wakamwekea kimpira cha kumpitishia maziwa, wakaingiza kijiti chenye pamba puani wakaenda kukipima kwenye mashine yao. Leo asubuhi daktari, binti mdogo tu, angekuwa mdogo wake Zuhura, akanikalisha hapa kwenye benchi, akaniambia, "Bibi, majibu yametoka. Ni kirusi cha jamii ya korona."

Baba Zuhura, niliona giza mchana. Jina lile lile la ule ugonjwa uliokuchukua. Nikamwambia, "Basi sema tu, mwanangu, tuanze kutafuta sanda."

Akanishika mikono yote miwili. "Hapana, Bibi, nisikilize. Si kile kilichoua watu. Korona ni ukoo mkubwa. Wamo wengine humo tumeishi nao miaka na miaka, wanaleta mafua haya haya ya kila siku, na hatukuwa tukiwauliza majina. Wewe umeshaugua hicho, tena mara nyingi tu, ukapenga ukaendelea na kazi zako. Huyu ndiyo mara yake ya kwanza, na njia zake za hewa ni nyembamba mno. Ndiyo maana kimembana."

"Atapona?"

"Wengi wanapona. Tunamwangalia." Nilimtazama machoni nikitafuta neno la ziada, sikuliona.

Nikamuuliza kimetoka wapi. Akasema popote, mtu mwenye mafua tu, anayekuja kumpakata. Akaniuliza na mimi mbona sauti yangu imekauka, nikamwambia nimevuta makamasi ya mtoto kwa mdomo. Akacheka kidogo, akasema hata bibi yake alikuwa anafanya hivyo, ila akanikataza, akanipa barakoa. Ninayo hapa usoni. Napenga humu humu kama mjinga.

Nikaenda kwa mama yako. Alikuwa amekaa kwenye majani uani, tasbihi mkononi, hamtazami mtu. Nikakaa karibu yake nikamweleza kama nilivyoelezwa, polepole, nusu kwa Kiswahili nusu kwa Kimakonde, mpaka akaelewa kwamba ni mafua. Mafua ya kila mtu.

Akaniuliza, "Hata mimi nimeshaugua hicho?"

"Daktari anasema hata wewe, mama."

"Na Saidi wangu alipokuwa mdogo?"

"Hata yeye, lazima."

Halafu akajifunika uso kwa kanga akaanza kulia, kilio cha mtu mzima, mabega yote yanakwenda. "Basi si mwanangu," akasema. "Mama Zuhura, si mwanangu. Alikuwa hamwiti mtu. Nilimsingizia mwanangu." Nikamshika. Tangu tuondoke Chilangala, yule mama alikuwa anabeba mambo mawili, mjukuu anayekufa na mwanawe anayeua, na mimi nilikuwa nauona mzigo wangu tu. Jina halibadilishwi. Amesema mwenyewe, na amesema yeyote atakayeligusa atamjua yeye ni nani.

Kwa hiyo nakuandikia kukwambia umetolewa kwenye kesi, mume wangu. Mama yako amekutoa, na mimi nimekutoa. Lala.

Lakini nikwambie na hili, kwa kuwa kwako sikuwahi kuficha kitu. Nilidhani nikijua si wewe, hofu itapungua. Imeongezeka. Njia nzima kutoka juu kule nilikuwa nakubembeleza, na nilijua pa kukushika. Nilijua ukiombwa kwa upole hukatai, ukikasirika unapoa kabla chakula hakijaiva, na machozi ya Zuhura yalikuwa yanakumaliza kabisa. Kama ungekuwa wewe, ningekushinda. Hiki kilichomo kifuani mwa mtoto hakimjui Zuhura. Hakijui jina lako wala langu, hakina hasira ya kutulizwa, hakina deni wala huruma. Nimebaki nasikiliza pumzi ya mjukuu wako kupitia mlangoni, na hakuna wa kumwambia amwache.

Mlango umefunguliwa. Ni Zuhura, ananiita.

Mkeo,
Mama Zuhura