Sabufa Zako na Jicho la Mama

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo wewe? Wifi yangu na watoto hawajambo? Baridi ya huko imepungua? Nauliza kwanza kwa sababu tulilelewa tukijua kwamba salamu hanyimwi mtu, hata uliyegombana naye. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na miguu haimsumbui, ila jicho la kulia ni lile lile, na la kushoto limeanza kulifuata.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara nne. "Dada, hata kufunga spika kumekushinda?" Miaka kumi na tisa nimekuwa fundi umeme wa magari. Nilianza wakati wateja wakinikuta nimelala chini ya gari wananiuliza fundi yuko wapi. Dharau za wageni nilishazizoea. Zako wewe niliyekubeba mgongoni, hapana, zimeniuma.

Zile sabufa sikuzifunga mimi, Kitinda. Umeshasahau?

Sanduku lako lilipofika, mjomba alilifungua juu ya meza yangu ya kazi, kifua mbele utadhani kalinunua yeye. Sabufa mbili, kila moja kubwa kama sufuria ya karamu, na amplifaya inayong'aa. Kwenye sanduku wameandika wati elfu tatu. Mimi sisomi sanduku, nasoma fyuzi, maana sanduku huandikwa na muuzaji. Amplifaya ile ina fyuzi tatu za ampea arobaini. Hazifikii hizo wati elfu tatu hata kwa maombi, lakini umeme inaotaka kunywa ni mwingi mno kwa kigari chetu. Alteneta yetu ikiwa na afya inatoa ampea sitini. Taa, feni na waipa vikishachukua sehemu yake, zinabaki ishirini na kitu. Wewe unataka mia na ishirini. Zitoke wapi?

Na hizo sabufa nazo haziendani na amplifaya hiyo. Ukiziunganisha zote mbili kwa pamoja, zinaivuta kuliko ilivyoundwa kuvutwa. Nilimweleza mjomba taratibu, kwa adabu zote. Nikamwambia tufunge sabufa moja na amplifaya ndogo, au kama anang'ang'ania zote, basi tutafute alteneta kubwa na waya mnene kama kidole changu, na fyuzi yake iwekwe karibu na betri. Alinisikiliza huku akitafuta funguo mfukoni.

Kisha akakupigia simu, na wewe ukiwa huko huko uliko ukampa ruhusa aende kwa yule anayejiita Mzee wa Besi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mdogo wangu, lakini yako ilimpata mama barabara. Mzee wa Besi alifunga kila kitu kwa muda wa kunywa chai. Waya aliotumia ni ule wa kuwashia taa ya chumbani, na fyuzi ya kwenye betri hakuweka kabisa. Gari likatoka linatetemesha madirisha ya majirani, mjomba anacheka hadi jino la mwisho linaonekana. Debe tupu haliachi kuvuma.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mama ya kupasuliwa jicho. Unajua alivyoisubiri. Miezi mitano! Alivaa viatu vyake vyeusi tangu alfajiri, akakaa navyo kitini. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo taa zinawaka, waipa zinakwenda, feni inapuliza kioo, na juu ya yote hayo mjomba kafungulia besi. Walipofika kwenye makutano ya barabara kubwa, waipa zikaanza kujivuta, taa zikafifia, injini ikazima. Nyuma kukaanza kunuka mpira ulioungua. Malori yanapiga honi, mjomba anapiga usukani. Mama akashuka mwenyewe kwenye mvua, akawa anapapasa ubavu wa gari kwa kiganja kwa sababu ukingo wa barabara hakuuona.

Nilifika kwa pikipiki nikamkuta amesimama pale, kalowa chapachapa. Tulipofika hospitali, daktari alishafunga orodha ya siku. Mjomba, mbele ya wauguzi na wagonjwa, akatangaza kwamba fundi wa familia ni mimi na ningekagua haya yasingetokea. Nilinyamaza kwa sababu ya mama. Sasa sinyamazi.

Nimeng'oa kila kitu. Waya ulishayeyuka chini ya zulia, vidole viwili tu kutoka kwenye bomba la mafuta. Usilipite haraka neno hilo, lirudie. Alteneta nimeisuka upya, na jana nimefunga sabufa moja na amplifaya ndogo, waya mnene, fyuzi mahali pake. Taa hazififii hata kidogo. Ya pili nimeirudisha kwenye sanduku.

Nilikuwa nimekusudia kuzirudisha zote mbili. Mama ndiye aliyekataa, nikamkasirikia na yeye. Nikamwuliza, mama, wewe na besi wapi na wapi? Akajibu kwamba alidhani spika kubwa ni za kumsikia mwanawe vizuri. Zile salamu za sauti unazomtumia kwa simu, alikuwa amemwomba mjomba amwekee njiani, azisikie kabla hajaingia kwa daktari.

Basi jana nilimkalisha kiti cha mbele, nikaweka salamu zako. Sabufa haisemi maneno, Kitinda. Inanguruma tu. Sauti yako ilitoka kwenye zile spika ndogo za milangoni, zilizokuwamo tangu siku gari linanunuliwa. Mama aliinamisha kichwa hadi sikio likagusa mlango. Sabufa yako kule nyuma haikutoa hata mlio.

Amepewa tarehe nyingine, 22 Aprili. Anaingia saa mbili asubuhi. Saa moja na nusu piga simu wewe mwenyewe, uongee naye, na usiniulize nimefunga nini.

Msalimie wifi, na wanangu waambie shangazi yao hana hasira nao. Mjomba anakusalimu, nafikisha kwa sababu salamu ni amana. Mama anakuombea kazi yako iwe na heri na urudi akiwa bado anaweza kukutambua kwa sura.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Fundi.