Unga Uliogoma Kufifia

Jumatatu, 4 Machi

Umewaka! Miaka sita nahangaika na huu unga, leo umewaka buluu chini ya taa ya maabara — na haufifii! Kila chembe ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Humo ndimo tunamoshindilia dawa ya saratani. Dawa ndiyo inayowaka; ikitoka, mwanga hufifia. Saa sita zimepita, mwanga uko palepale. Profesa Hadzhiev kanibusu kipaji cha uso, eti mwanangu umetutoa kimasomaso.

Jumatano, 6 Machi

Saa arobaini na nane. Bado unawaka. Profesa ameshawaita wakubwa kutoka mji mkuu, Sofia, waje Ijumaa kuona. Nikamwambia sijapima dawa iliyobaki ndani ni kiasi gani. Kacheka! Unapima nini tena, macho huna?

Alhamisi, 7 Machi

Nimepima. Dawa hakuna. Ilitoka yote saa ya kwanza.

Sasa kinachowaka ni nini? Nimekaa mbele ya taa kama zuzu. Ndipo nikauona mkono wangu. Uzi wa Machi, mweupe na mwekundu, aliotufunga Profesa mwenyewe Ijumaa iliyopita — kwa mila yetu marufuku kuuvua hadi umwone korongo wa kwanza, hata maabara! Ule weupe unawaka buluu ileile. Ni dawa ya kiwandani ya kung'arisha nyuzi. Nilipokuwa nausuuza unga kwa spiriti, ncha ya uzi iliingia humo, nami sina habari. Glavu nilivaa, uzi ukaning'inia juu yake. Mjinga mimi! Nimeshangilia uzi wa pamba siku tatu nzima.

Nikasuuza unga mwingine, uzi nimeuvua. Saa moja tu — giza.

Nimemweleza Profesa yote. Kafunga mlango. Halafu: nani mwingine anajua? Nikasema Rumyana, tunayefanya naye kazi meza moja. Akaniambia nenda kalale mwanangu, umechoka. Mwanangu!

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya wanawake. Nimekuta ua mezani, na chini ya ua ripoti ya Profesa, imeshachapwa. "Baada ya saa arobaini na nane dawa ingali ndani." Hajabadilisha hata nukta. Miaka yote jina lake huanza, langu la nne, tena kwa hisani. Leo langu ni la kwanza. Tena liko peke yake! Yeye anashukuriwa mwishoni, kwa kututia moyo. Mzee ana roho nzuri jamani.

Nimesoma mara mbili. Pa kutia sahihi pako wazi.

Rumyana kachungulia sasa hivi.

"Dada Zdravka, wageni wameshaketi. Profesa kapiga simu, ana mafua, anasema uwapokee wewe, kazi ni yako."

"Mafua yameanza lini?"

"We! Usiniulize mimi." Akashusha sauti. "Taa za ukumbini nimezima. Nikuletee chupa ipi ya unga, ya Jumatatu au ya jana?"

Nimemwomba dakika moja. Amesimama mlangoni, ananitazama nikiandika.