Vigae vya Kijani vya Joel

Silibwet,
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Loice,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Goti linaendeleaje? Ulisema daktari amekukataza kupanda kile kilima cha kisimani, nami nakujua, bado unakipanda. Hapa tuko salama. Mama mkwe anakula vizuri. Asubuhi anatembea bila fimbo, jioni anaichukua. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Chai iliyokuwa imekauka kwa jua imeanza kuchipua tena.

Jumatano ulinipigia simu ukilia. Ulisema mtu aliyepita huku amekuletea habari kwamba nimelibomoa kaburi la Joel, na kwamba utamtuma mwanao aje anirudishe Chavakali kabla sijarukwa na akili kabisa. Nilikata simu, lakini si kwa hasira. Kwa simu ungenikatiza kila sentensi. Nimeripoti kesi za mahakama miaka ishirini na sita na najua jambo likisemwa vipande vipande kila mtu hujiundia lake. Kwa hiyo nakuandikia lote kwa mpangilio. Sehemu ya uliyosikia ni kweli.

Unakumbuka Joel alipostaafu kwenye kiwanda cha chai alisema amelisha boila kuni za watu wengine maisha yake yote, sasa anataka moto wake mwenyewe. Akajenga tanuri la mkate nje, kati ya jikoni na shamba la chai. Msingi ni wa mawe na juu ni kuba la matofali lililokandikwa udongo na majani makavu, linanifika kifuani. Mkate wa hapa sokoni hutoka mbali na hufika umechoka. Alitaka watu wa Silibwet wale mkate wa moto. Lilibaki jambo moja: kulivisha vigae, maana udongo mtupu haustahimili mvua ya mawe ya huku. Siku aliyokwenda Sotik kuvinunua alimwambia mama yake awe akiwasha moto mdogo ndani ya tanuri kila siku, lisipasuke likikauka. Alisema, "Mdogo mdogo tu, Mama, mpaka nirudi."

Dukani alichagua, akapakia kwenye pikapu ya jirani, akamwambia dereva atangulie kwa sababu yeye anataka kununua hamira. Alianguka mlangoni mwa duka la hamira. Ni moyo, walisema. Vigae vilifika nyumbani kabla yake. Mimi ndiye niliyevipokea na kuvipeleka stoo, na nilimlaumu kwa kuchelewa.

Siku ya mazishi ulikuwapo, ukaona kaburi limevalishwa vigae vya kijani, kijani cha chupa. Uliniuliza mbona si vyeupe kama makaburi mengine. Sikukujibu kwa sababu sikujua. Baadaye nilielezwa. Shemeji yangu Wesley, mdogo wake Joel, alitaka kaburi liwe limekamilika kabla wageni hawajafika, kama watu wanavyofanya siku hizi. Hakukuwa na muda wa kwenda dukani. Akafungua stoo, akaona maboksi, akampa fundi Omwenga. Omwenga aliviweka mchana mmoja mvua ikinyesha. Hakuna aliyeuliza vilinunuliwa kwa kazi gani. Vilibaki tisa.

Mwezi uliopita nilipanda kwenye kigoda nikakagua tanuri. Lilikuwa na ufa mmoja, wa urefu wa mkono wangu. Mvua ndefu zilikuwa njiani. Kama lisingefunikwa, kufikia Mei lingekuwa rundo la matope, na hicho ndicho kitu cha mwisho alichokifanya kwa mikono yake. Nikamwita Omwenga, tukaenda Sotik kuchagua vigae vipya.

Muuzaji alitutolea vyeupe. "Mama, chukua hii. Mkate utaonekana safi."

"Nyeupe kwa moshi?" Omwenga akamcheka. "Atakuwa anasugua oveni kama sufuria? Lete ingine."

Nikauliza kama wana kijani cha chupa. Hapana, hakiji tena. Tukachukua kipande kimoja kimoja cha aina nne, tukarudi kuvijaribu jinsi Omwenga anavyojaribu: unawasha moto mkali, unaweka kipande mdomoni mwa tanuri mpaka kishike joto, kisha unakimwagia maji ya baridi. Kwa moto na mvua ya mawe ya huku, kinachopita hapo kitadumu. Cheupe kilipasuka. Cha kahawia kilipasuka. Cha tatu rangi yake ilibanduka kama ganda la kiazi. Cha nne kilitoa mlio, kikagawanyika vipande viwili. Omwenga akaenda stoo bila kuniambia, akaja na kimoja cha kijani, akakichoma, akamwaga maji. Kikatoa mvuke na kukaa kimya.

"Mzee alijua kuchagua," akasema.

"Tunahitaji vingapi?"

"Hii oveni imepinda kama mgongo, Mama Chebet. Taili nzima haikai kwa mgongo, lazima ivunjwe vipande vidogo. Tuseme arobaini."

Nilikuwa na tisa. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni, amesikia yote.

Sasa ndipo lilipoanza lile ambalo nitakuandikia nilivyoliona tu. Jumatatu nilikwenda stoo kupima, nikahesabu vigae. Vilikuwa kumi na viwili. Nikadhani nilikosea mwanzo. Jumanne vilikuwa kumi na sita. Nikavigeuza. Vile tisa vilikuwa safi mgongoni. Vingine vilikuwa na saruji kavu.

Nilitembea hadi kaburini. Upande wa nyumba ulikuwa sawasawa. Upande wa pili, unaotazama chai, ulikuwa na mapengo saba ya mraba. Hakuna nyayo nilizoweza kuziona, kwani nyasi zilikuwa zimelala kwa ukungu. Wanawake wawili wanaochuma chai ya jirani walikuwa wamesimama mbali, vikapu vikiwa vitupu. Nikawasalimu, nikauliza mbona hawachumi upande huu.

"Huku kunabishwa," akasema mmoja.

"Nani anabisha?"

"Wewe ndio utuambie, Mama Chebet. Ni kwenu. Saa sita hivi, ko ko ko, kama mtu ako ndani anataka kufunguliwa."

Mwenzake akamwambia anyamaze, nisije nikaandika gazetini.

Nilimpigia Wesley. Akaniambia, "Nani aibe kwa kaburi? Hata mwizi ako na mama." Kisha akauliza kama nimeongea na mchungaji.

Kesho yake nilisema nakwenda sokoni. Niliketi ndani ya chai, michai ikinifika kifuani, nikangoja. Kabla ya saa sita ukungu ulishuka kutoka mlimani, nikawa sioni nyumba. Halafu nikasikia. Ko ko ko, kimya, ko ko. Nakiri kwamba nilikaa mahali nilipokuwa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikainuka nikaenda.

Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya kaburi la mwanawe, amenyoosha miguu kama anayeanika mahindi. Mkono mmoja alishika kisu cha kukatia sukuma wiki, mwingine jiwe. Alikuwa anaongea Kipsigis, taratibu, akinyamaza mahali ambapo mtu hunyamaza kusikiliza jibu. Aliponiona hakushtuka.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nachukua vitu ya jiko."

"Lakini hizi ni za kaburi."

"Nani alisema? Wewe alikuambia anaenda kununua taili ya kaburi?"

Nikasema hapana.

"Alienda ya jiko. Nyinyi mkachukua mkamfunika nayo. Sasa ananiuliza kila siku."

"Anakuuliza nini?"

"Kama nimewasha moto."

Ndipo nilipoelewa jambo jingine. Tangu mazishi, kila nilipopitisha mkono ndani ya tanuri asubuhi nikiondoa majani, majivu yalikuwa ya vuguvugu. Nilikuwa nikijiambia ni jua. Huku, kwenye ukungu wa saa moja asubuhi, jua gani? Mwaka mzima amekuwa akiwasha vijiti vitatu kila siku mimi nikiwa nakamua. Aliambiwa mpaka arudi, na hakuna aliyemwambia aache.

Jioni ile Wesley alikuja. Tuliketi jikoni na chai ya maziwa. Alisema waziwazi, "Watu watasema tunaoka mkate kwa kaburi. Nani atakula? Hata mimi sitakula." Mama mkwe akamwambia, "Usikule. Wewe tangu utoto ulikuwa unachagua chakula." Omwenga, aliyekuwa ameitwa, alikataa kazi. "Mimi kuweka taili kwa kaburi nimeweka nyingi. Kutoa, hiyo sijawahi, na sitaki kujua inatoa nini."

"Basi nitatoa mwenyewe," akasema mama mkwe. "Na kuweka nitaweka."

Nilimtazama mikono. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa. Ana miaka zaidi ya themanini, dada. Nilikuwa na njia mbili: kumnyang'anya kisu, au kuchukua patasi. Asubuhi nilichukua patasi ya Joel nikaenda naye. Vigae havikuwa vimeshika vizuri, viliwekwa kwa haraka na kwa mvua. Ukigonga vinalia kama debe. Hesabu ni hii, ili ukiulizwa uwe na jibu: mama mkwe ametoa kumi na tisa, mimi kumi na vitatu. Udongo hatukuugusa. Sanduku hatukuliona. Joel amelala alipolala. Kinachoonekana sasa ni saruji ya kijivu, na msalaba wenye jina lake haujasogezwa. Tulipofika upande wa kichwani mama mkwe alinisimamisha, akasema huo uachwe, mtu hafunuliwi uso. Tukauacha. Tukawa na arobaini na kimoja.

Omwenga alirudi mwenyewe Ijumaa ya wiki ile. Alikuta vigae vimepangwa chini ya ukuta wa jikoni, vimeoshwa.

"Nyinyi ndio mmetoa?"

"Ni sisi."

"Basi mimi sijui zimetoka wapi. Nimekuta taili, mimi ni fundi wa taili." Akaanza kuvivunja kwa nyundo ndani ya gunia. Wakati wa kuvunja mama mkwe aliingia ndani akafunga mlango. Alitoka kazi ilipokuwa imefika nusu ya mgongo.

Tanuri limekaa vizuri. Linaonekana kama kobe mkubwa aliyelowa. Alhamisi hii mvua ya mawe ilipiga kwa dakika kumi, mawe ya ukubwa wa maharagwe, na chai ya jirani imechanika. Ndani ya tanuri palikuwa pakavu. Tulioka mikate sita. Mama mkwe alikula wa kwanza, Omwenga akala akiwa amesimama karibu na lango. Wachumaji walikataa. Wesley alikataa, kisha akarudi leo baada ya ibada akaomba kipande "cha kuonja tu," akamaliza mkate mzima kwa siagi. Kwa hiyo sijui sokoni itakuwaje. Nitapeleka Jumanne nione.

Mama mkwe hawashi tena, nawasha mimi. Nilimuuliza kama Joel bado anamuuliza. Akasema hapana, ameacha, amepata jibu lake. Sasa analala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Lililobaki ni hili, nalo naliandika kwa sababu lilitokea. Jana karibu na saa sita nilikuwa peke yangu jikoni nikikanda unga, dirisha wazi, ukungu nje. Nikasema kwa sauti, bila kuinua kichwa, "Ndiyo, nimewasha." Mikono yangu iliendelea na unga. Ilipita muda ndipo nilipogundua kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Nilifuta mikono nikatoka nje. Moto ulikuwa unawaka. Niliongeza kijiti kimoja, kidogo, nikarudi ndani.

Usimtume mwanao. Akija aje kula, si kunichukua.

Nisalimie Baba, mwambie nitampigia simu akiwa na redio imezimwa. Nisalimie shemeji mumeo, na shangazi yetu wa kwaya, na yule binti yako wa mwisho anayesoma ualimu. Mama mkwe anasema wewe umsalimie mama yetu hapo mlipomzika, umwambie mkwe mwenzake bado anatembea.

Ni mimi mdogo wako,
Rhoda